Ukame wa sentimita mbili

Anayezungumzia ukame wa Dodoma huanza na kipimo cha mvua: milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, katika msimu mmoja tu kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili, kisha miezi kama saba ya jua na upepo. Kipimo hicho ni cha kweli, lakini hakielezi kwa nini mashamba mawili yanayopakana, yaliyonyeshewa mvua ileile siku ileile, hutofautiana hivi: moja linatunza unyevu chini ya mabua kwa siku kadhaa, jingine limekauka juu kabla ya jua la kesho yake kuzama. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya ukame unaoua viumbe wadogo wa udongo wa nyanda za kati haitoki mawinguni. Tunautengeneza wenyewe, katika sentimita mbili za juu za ardhi, kwa kiberiti, kwa fagio, na kwa mifugo inayoachiwa shamba zima baada ya mavuno. Kiumbe anayelionyesha jambo hili waziwazi kuliko vipimo vingi vya maabara ni mnyama ambaye kwa kawaida hazidi milimita tatu: kolembola wa mviringo.

Kolembola ni kundi la wanyama wa miguu sita ambao zamani walihesabiwa kuwa wadudu, lakini leo wataalamu wengi huwatenga, kwa kuwa sehemu za mdomo wao zimefichwa ndani ya kichwa, na kwa kuwa ukoo wao haukupata kuwa na mabawa. Ni wakongwe mno. Rhyniella praecursor, aliyehifadhiwa katika mawe ya Rhynie huko Scotland na kuelezwa kisayansi mwaka 1926, aliishi miaka ipatayo milioni 400 iliyopita, wakati nchi kavu ilikuwa bado haina miti mikubwa wala mnyama wa uti wa mgongo. Aina zilizokwisha kupewa majina zinakaribia 9,000 au zaidi kidogo. Wengi wao ni wembamba na warefu, huishi ndani ya udongo gizani, na baadhi ni weupe wasio na macho. Ninaowazungumzia mimi ni tawi jingine, Symphypleona. Hawa pingili zao za kifua na tumbo zimeungana zikawa mwili mmoja wa mviringo, kichwa kimeinama chini, vipapasio vina viwiko, na macho wanayo. Rangi zao ni manjano, kijani, zambarau, hudhurungi yenye madoa. Rangi na macho hayo peke yake yanatuambia kwamba makao yao hayako ndani ya ardhi, maana mnyama wa gizani hana haja navyo. Wao huishi juu, palipo na mwanga: kwenye majani yaliyoanguka, kwenye nyasi, kwenye magome, kwenye mwani ulioota juu ya mawe.

Hapo ndipo ugumu wao unapoanza, kwa sababu juu ndiko kunakokauka kwanza. Kadiri mwili unavyokuwa mdogo ndivyo eneo la ngozi linavyokuwa kubwa likilinganishwa na kilichomo ndani, na mnyama wa milimita moja hupoteza maji kwa kasi ambayo sisi wenye miili mikubwa hatuwezi kuihisi. Isitoshe, kolembola wengi hawana mirija ya hewa. Hupumua kwa ngozi, na ngozi inayopitisha hewa hupitisha mvuke pia. Hawawezi kuziba njia ya mvuke bila kuziba ya hewa. Wa mviringo wamelipunguza tatizo hili kwa njia mbili. Umbo la tufe lina ngozi ndogo kuliko umbo lingine lolote lenye ujazo uleule. Pia baadhi ya familia zao, hasa Sminthuridae, zina mirija ya hewa inayofunguka karibu na shingo, kwa hiyo ngozi yao inaweza kuwa kavu na ngumu zaidi bila mwenyewe kukosa pumzi. Chini ya tumbo wana mrija mfupi wenye vifuko viwili vinavyoweza kutokezwa nje. Kwa vifuko hivyo hunyonya maji kutoka kwenye sehemu yoyote yenye unyevu, hujisafisha mwili, na hujishikiza mahali penye utelezi. Yote haya yamewawezesha kupanda juu ya mimea ambako ndugu zao hawafiki. Hayakuwapa uhuru kamili na unyevu. Bado kila mmoja anahitaji, umbali wa hatua zake chache, jani ambalo upande wake wa chini haujakauka.

Kinachojulikana zaidi kuhusu wanyama hawa ni kuruka kwao. Mwishoni mwa tumbo kuna mkia wenye panda mbili, uliokunjwa kuelekea mbele na kushikwa na ndoano ndogo. Ndoano ikiachia, mkia hufyatuka na kupiga chini, na mnyama hurushwa hewani. Mwaka 2024, Adrian Smith na Jacob Harrison walichapisha vipimo vya Dicyrtomina minuta, kolembola wa mviringo waliyempiga picha za kasi kubwa huko North Carolina, Marekani: hupaa zaidi ya milimita 60, na angani hubiringika kinyumenyume kwa kasi iliyofika mizunguko 368 kwa sekunde. Ni ajabu inayostahili sifa zake, lakini ninaitaja kwa sababu nyingine. Mruko huu ni wa kukimbia adui. Humpeleka nyuma, asikokuona, umbali wa sentimita kadhaa, na mara nyingi hutua ovyo akibingirika. Si chombo cha safari. Upepo na maji ya mvua huweza kumbeba mbali, hilo linajulikana, lakini kwa miguu na mkia wake hawezi kuvuka ekari mbili za ardhi tupu yenye joto. Katika nchi kavu za joto, uso wa udongo usio na kifuniko huweza kupita nyuzi 50 mchana. Shamba likichomwa lote, kurudi kwa wanyama hawa kunategemea bahati ya upepo na mabaki yaliyoponea pembezoni.

Sasa tuwatafute katika nyanda za kati, tukiongozwa na mahitaji hayo. Pa kwanza ni vichaka vya Itigi, wilayani Manyoni, ambavyo husongamana hadi mtu ashindwe kupenya, kimo chake mita tatu hadi tano, na hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Majani hayo hulala juu ya mchanga mzito, chini ya matawi yaliyofungamana, na mvua ya kwanza ikinyesha unyevu hubaki humo. Pa pili ni chini ya migunga na mibuyu iliyoachwa katikati ya mashamba, ambako kivuli na majani hufanya kisiwa cha ubaridi. Pa tatu ni vilima vya mawe vilivyotapakaa kuanzia Dodoma mjini hadi Singida. Nyufa zake hukusanya majani na udongo mwembamba, na juu ya jiwe lenyewe huota mwani na kuvuyani ambavyo baadhi ya kolembola wa mviringo huvila. Pa nne watu wengi hawapadhanii: juu ya maji. Jenasi ya Sminthurides, iliyoenea sehemu nyingi za dunia, hutembea na kuruka juu ya maji yaliyotulia bila kuzama, kwa kuwa ngozi yake imejaa vinundu vidogo mno vinavyokataa kulowa. Madume wao ni wadogo kuliko majike, na vipapasio vyao vimegeuka kuwa koleo za kumshikia jike. Kingo za kinamasi cha Bahi, majaruba ya mpunga yanayokizunguka na ghuba tulivu za bwawa la Hombolo ndiko mtu angeanza kuchunguza. Pa tano ni mashamba ya zabibu ya Makutupora, Hombolo na Mpunguzi. Humo umwagiliaji huleta unyevu hata Agosti, lakini dawa nazo ni nyingi, nitazirudia.

Mtu akichimba udongo Septemba, akautazama na asione kitu, huhitimisha kwamba nchi hii haina wanyama wa namna hiyo. Hitimisho hilo ni kosa la kalenda. Kolembola wengi wa nchi kavu huvuka kiangazi wakiwa mayai. Mfano uliochunguzwa kwa kina ni Sminthurus viridis, wa mviringo, ambaye huko kusini mwa Australia hutaga mayai mwishoni mwa msimu wa mvua, akayapaka mchanganyiko wa udongo uliopita tumboni mwake. Mayai hayo hulala usingizi wakati wote wa joto, na mvua za majira ya baridi ndizo huyaamsha. Kule mvua huja wakati wa baridi na hapa huja wakati wa joto, lakini kanuni ni moja: mnyama ameyaweka maisha yake ndani ya miezi ya unyevu, na iliyobaki amemwachia mtoto aliye ndani ya ganda. Basi swali la maana kwa Dodoma ni hili: ganda hilo liko wapi kati ya Mei na Novemba? Liko juu juu, ndani ya sentimita zilezile mbili, chini ya jani au kwenye ufa wa udongo. Moto wa Oktoba, unaowashwa kusafisha shamba kabla ya mvua, unapita hapohapo, majuma machache kabla ya kuanguliwa.

Ndiyo maana naona kilimo cha kuberega kinastahili kuzungumzwa kwa haki, maana kimekuwa kikilaumiwa na kutetewa kwa jumla jumla. Mkulima anayeberega hufyeka, huchoma, kisha hupanda bila kulima. Maafisa ugani kwa miaka mingi wamemkemea kwa kutolima, kwa hoja kwamba udongo mgumu haunywi maji, na juu ya maji hoja hiyo ina uzito. Kwa upande wa viumbe wa juu ya udongo, kutolima ni jambo jema, kwa kuwa mayai hayafukiwi kina ambacho wachanga hawawezi kupanda kutoka humo. Kinachoharibu ni moto. Tungemwambia mkulima aache kiberiti na abaki na sehemu nzuri ya desturi yake, badala ya kumletea plau na kumwachia kiberiti, tungekuwa tumesaidia zaidi.

Wapo wanaokubali yote haya na bado wakauliza: na wakiwepo, wanatufaa nini? Chakula chao kikubwa ni nyuzi za kuvu, mwani, chavua na mabaki ya mimea yaliyokwisha kuanza kuoza. Kuvu ndiyo inayovunja mabua na majani, lakini kuvu ikiachwa peke yake huzeeka, na naitrojeni hubaki imefungwa ndani yake. Kolembola akiila kwa kiasi, huota upya, na sehemu ya naitrojeni hurudi kwenye udongo kupitia kinyesi chake, katika umbo ambalo mzizi unaweza kulichukua. Hubeba pia mbegu za kuvu mwilini na tumboni, akazipeleka kwenye jani jipya. Wa mviringo wanafanya kazi hii mahali maalumu: katika tabaka lililo juu, ambako jani bado lina umbo la jani, kabla halijawa mboji ya kuingia chini. Wao ndio wa kwanza kwenye mnyororo huo.

Pingamizi la pili huja na takwimu. Udongo wa misitu ya Ulaya huwa na makumi ya maelfu ya kolembola kwa mita moja ya mraba. Nchi za joto huwa na wachache mno. Basi hapa si wa kuhesabika. Mwaka 2023 kundi la watafiti wa nchi nyingi, likiongozwa na Anton Potapov, lilikusanya vipimo kutoka mabara yote na kukadiria kwamba duniani kuna kolembola wa udongo wapatao bilioni mbili mara bilioni moja, wenye uzito wa kaboni wa tani milioni 27.5, karibu mara tatu ya wanyama wote wa mwituni wenye uti wa mgongo waishio nchi kavu. Kweli walikuta kwamba msongamano mkubwa uko tundra na unapungua kuelekea ikweta. Lakini walikuta jambo jingine linalosahaulika kunukuliwa: jumla ya nguvu ambayo wanyama hawa huitumia kwa eneo haitofautiani sana kati ya nchi baridi na nchi za joto. Kwenye joto mwili hufanya kazi haraka, hula haraka na huzaa haraka, kwa hiyo wachache hufanya kazi ya wengi. Katika Dodoma, penye miezi mitano tu ya kufanya kazi hiyo, kila siku ya unyevu inayoongezeka ina thamani kuliko mahali ambapo unyevu haukatiki.

Pingamizi la tatu ni la mchwa, na hili ndilo ninaloliheshimu zaidi kwa sababu linatoka kwa wakulima. Husema: hapa kwetu anayekula mabua ni mchwa, hata ukiyatandaza, baada ya miezi mitatu yamekwisha, kolembola wako atakuta nini? Ni kweli kwamba katika nchi kavu za Afrika mchwa ndiye mvunjaji mkuu wa mabaki ya mimea, na hakuna anayeweza kumwondolea cheo hicho. Ila kazi ya mchwa ina jiografia yake. Huchukua mabua kutoka eneo pana na kuyapeleka kwenye kichuguu, na rutuba hukusanyika hapo. Kila mkulima wa Dodoma anajua mtama unavyonawiri penye kichuguu cha zamani. Kolembola, utitiri na kuvu huvunja jani palepale lilipoangukia, chembe kwa chembe, katikati ya safu za mimea. Hizi ni kazi mbili, na shamba linazihitaji zote. Kuhusu mabua kwisha, jibu langu ni kwamba yasipochomwa Oktoba huwa yamekwisha kufanya sehemu ya kazi: yamekinga mayai kwa miezi ya jua kali, yamepunguza kishindo cha tone la mvua ya kwanza, na vipande vilivyoachwa na mchwa hufunikwa na tope la mchwa wenyewe na kukaa na unyevu. Kifuniko kinachobaki nusu ni bora kuliko uwanja mtupu.

Ushahidi wa nguvu ya kifuniko hicho tunao kwetu, na ni wa zamani. Katika miaka ya 1930 huko Mpwapwa, R. R. Staples alipima maji yanayotiririka na udongo unaobebwa kwenye viwanja vya majaribio. Kwenye ardhi tupu karibu nusu ya mvua ilitiririka na kupotea. Chini ya kichaka kisicholishwa mifugo kiasi kilichopotea hakikufika hata asilimia moja, na udongo haukuondoka. Mvua ilikuwa ileile, mteremko uleule. Baadaye, kati ya 1947 na 1951, serikali ya Uingereza ilimwaga pauni zipatazo milioni 36 katika mradi wa karanga uliokuwa na makao yake Kongwa, si mbali na viwanja hivyo. Mabuldoza yaling'oa vichaka hadi mizizi, na udongo ulioachwa wazi ukashindiliwa na matairi na kuiva kwa jua hadi majembe ya mashine yakavunjika. Sababu za kuanguka kwa mradi ule zilikuwa nyingi, mvua na mipango ya haraka zikiwemo, nami sidai kwamba wanyama wa milimita moja wangeuokoa. Nadai kwamba waliopanga walihesabu mvua na matrekta bila kuhesabu kifuniko, wakati takwimu za kifuniko zilikuwa zimekwisha kuandikwa mwendo wa saa chache kwa gari kutoka hapo.

Kondoa inatufundisha upande wa pili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa yote katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, makorongo yakaanza kushika mimea. Lakini familia zilizotegemea ng'ombe zililipa gharama kubwa, na ndiyo maana sipendekezi amri ya namna ile irudiwe. Ng'ombe wa Mgogo au Mrangi hawezi kuambiwa asile mabua mwezi wa Septemba wakati hakuna kingine. Ninachopendekeza ni mgawanyo. Mifugo ichukue sehemu kubwa ya mabua, lakini ibaki mistari isiyoguswa kufuata makinga maji, upana wa hatua mbili au tatu, kila baada ya umbali fulani. Mistari hiyo ndiyo itakayokuwa mbegu ya viumbe kwa shamba lote mvua zikianza, kwa sababu umbali wa kuvuka utakuwa mfupi. Wagogo wana milaga, maeneo ya malisho yanayofungwa ili yatumike wakati wa kiangazi. Fikra ya kufunga sehemu ili nyingine iishi si ngeni hapa. Ninaomba tu ishuke kutoka ukubwa wa malisho hadi ukubwa wa shamba. Kisiki hai, mpango wa kuacha visiki vichipue na kuvipogolea ambao umeenea katika vijiji vya Dodoma, unafaa kwa sababu hiyohiyo, mradi majani yanayopukutika chini ya miti hiyo yasizolewe na kuchomwa. Hata mashimo ya Chololo, yanayokinga maji na kutiwa samadi, yangefaidi zaidi yakiwekwa konzi ya mabua juu.

Mjini jambo ni tofauti kidogo. Tangu serikali ihamie Dodoma kuanzia 2016, viwanja vimepimwa na kusafishwa kwa maelfu, na kila ua hufagiliwa hadi udongo mwekundu ung'ae. Watu wanaogopa nyoka na nge, na hofu hiyo ina msingi. Lakini nyoka hahitaji ua mzima kuwa mtupu ili asikaribie mlango. Eneo la kuzunguka nyumba lifagiliwe, na majani ya miti iliyo pembezoni yaachwe yalale chini ya miti hiyo. Vijidudu vinavyorukaruka bafuni au kwenye vyungu vya maua baada ya mvua, ambavyo watu huvidhania viroboto na kuvinyunyizia dawa, mara nyingi ni kolembola waliofuata unyevu. Kiroboto ni bapa kwa ubavu, hunyonya damu, na huruka kwa miguu yake ya nyuma. Kolembola hana mdomo wa kuuma mtu wala mnyama. Ukauke unyevu, naye ataondoka.

Sitaficha kwamba wapo walio waharibifu. Sminthurus viridis niliyemtaja ni adui wa malisho ya lusani na klova huko Australia, na Bourletiella hortensis hutoboa majani ya kwanza ya miche bustanini katika nchi za baridi. Mkulima akiona matundu madogo kwenye miche ya mboga na vitone vinavyoruka akigusa jani, ana haki ya kushuku. Lakini historia ya Australia inaonya dhidi ya haraka: dawa za jamii ya pirethroidi hazimdhuru sana kolembola huyo, ila huua utitiri wawindaji wanaomla, na baada ya kunyunyiza kolembola huongezeka. Jambo kama hilo lilionekana pia kwa DDT katikati ya karne iliyopita, ilipoua wawindaji na kuwaachia kolembola uwanja.

Hili linanirudisha kwenye zabibu, na kwenye udhaifu wa vipimo vinavyoruhusu dawa kuingia sokoni. Kiwango cha kimataifa kinachotumika sana, ISO 11267, kilichotolewa kwanza mwaka 1999, hupima athari ya kemikali kwa uzazi wa Folsomia candida, kolembola mweupe, mwembamba, wa ndani ya udongo, kwa nyuzi 20, kwenye udongo wenye unyevu wa kutosha. Ni kipimo kizuri kwa kilichokusudiwa. Hakituambii lolote la moja kwa moja kuhusu mnyama wa mviringo anayekaa juu ya jani, anayepigwa na tone la dawa mgongoni, kwa nyuzi 32, akiwa tayari amepungukiwa maji. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na magonjwa ya ubwiri hulazimisha unyunyiziaji wa salfa na viuakuvu vya shaba. Shaba haiozi. Mashamba ya mizabibu ya Ufaransa, yaliyoanza kuitumia miaka ya 1880, hadi leo yanabeba mrundikano wake katika tabaka la juu la udongo. Kiuakuvu pia, kwa jina lake tu, ni adui wa chakula cha kolembola. Simwambii mkulima aache kuokoa mavuno yake. Namwambia anyunyizie anapoona ugonjwa au hali ya hewa inayouleta, si kwa tarehe. Aelekeze bomba kwenye majani ya mzabibu. Na aache nyasi fupi kati ya safu, zifyekwe bila kung'olewa, ili pawepo mahali pa kukimbilia.

Kilichobaki ni kuhesabu, na hapa nawasemesha wenzangu wa vyuo na vituo vya utafiti. Sampuli ya udongo iliyowekwa kwenye faneli ya Berlese na kupashwa joto, njia iliyobuniwa Italia mwaka 1905, hukamata vizuri wanyama wa chini, lakini wa mviringo huwakosa kwa wingi kwa sababu wanaruka au wako juu ya mimea. Panahitajika sahani nyeupe ya kukung'utia majani, vikombe vilivyofukiwa usawa wa ardhi, na mrija wa kunyonyea kwa mdomo wenye kitambaa ndani. Vyote ni vya bei ndogo, na wanafunzi wa sekondari wanaweza kuvitumia wakisimamiwa. Muhimu ni siku. Ukaguzi ufanyike siku tatu, kumi na ishirini baada ya mvua ya kwanza ya kulowesha, kisha tena baada ya ukame mfupi wa katikati ya msimu, katika viwanja vilivyochomwa, vilivyolishwa mifugo na vilivyoachiwa mistari ya mabua, ili tuone ni siku ngapi za uhai kila kiwanja kinaongeza au kupoteza. Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanafunzi wa biolojia, na vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI, Hombolo na Makutupora, vina mashamba ya mtama, uwele na zabibu yenye historia inayojulikana ya mbolea na dawa. Kazi hiyo inaweza kuanza na mvua zinazokuja, kabla ya mabua ya msimu uliopita kutiwa moto.